Mtaro Ulioanzia Shamba la Pili

"Ukimwogopa wa juu, utamzika wa chini." Mmemsikia mwenyekiti akilisema neno hilo asubuhi, mkatazamana na kucheka, kisha mkaja kuniuliza limetoka wapi. Haya, yalazeni majembe mpumzike kidogo. Methali hii haikushuka kutoka mbinguni. Ilianzia mteremko ule wa ng'ambo, na ilianza hivi.

Mteremko ule ulikuwa na wenye mashamba saba, mmoja juu ya mwenzake, kila mtu na kipande alichorithi kwa baba yake. Kila masika udongo ulishuka bondeni, mahindi yakabaki manjano. Kijiji kikaamua kuchimba mitaro ya kukinga maji kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja isiyo na malipo, na msimamizi akachaguliwa Senkoro. Alikuwa mpole, anajua kuongea na watu. Aliijua pia ile pembetatu ya miti yenye uzi na jiwe, ya kupimia usawa. Na alijua jambo ambalo hata ninyi mnalijua: mtaro wa kwanza huchimbwa shamba la juu, maana maji hayapandi.

Lakini kuchimba si kazi. Kazi ni ridhaa. Shamba ni la mtu, huwezi kuingia na jembe kama unaingia sokoni. Senkoro alipita nyumba kwa nyumba akimwomba kila mmoja atoe kipande. Wa kwanza kukubali alikuwa Namkunda, mjane mwenye shamba la chini kabisa, ambaye nyumba yake ilikaa mguuni mwa mteremko.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Bora nipungukiwe mistari miwili ya maharage kuliko kuukosa udongo wote."

Wengine wakaona haya, wakakubali. Akabaki mwenye shamba la juu, Mzee Mrindoko. Naye alikuwa mjomba wake Senkoro, ndugu wa mama yake, aliyemlea na kumwozesha. Jamani, mjomba si mtu wa kubishana naye! Akikutamkia neno baya, unalibeba mpaka kaburini. Mzee alimsikiliza, akatema mate pembeni.

"Migomba yangu haing'olewi na mtoto niliyemfuta kamasi."

Senkoro akasema, "Naam, mjomba," akashuka zake.

Siku ya kazi akawaambia watu waanzie shamba la pili. Wapo walionong'ona, hakuna aliyesema. Walichimba wiki tatu, mitaro ikapendeza kweli kweli. Namkunda peke yake ndiye aliyeuliza. Kila masika alikuwa akihamia kwa dada yake, kwa kuhofia nyumba ile isifukiwe na tope. Akamwita Senkoro uani.

"Mwanangu, kwa mjomba wako pamechimbwa?"

Senkoro aliangalia jembe lake. "Kila kitu kiko tayari, mama."

"Basi mwaka huu nisihame?"

"Usihame. Kaa kwako kwa amani."

Hakulisema kwa ubaya. Aliona aibu kukiri kwamba mjomba amemshinda. Lakini uongo ni uongo, hata ukisemwa na mtu mpole.

Mvua ya kwanza ya masika ilipiga tangu alfajiri. Maji yote ya shamba la Mrindoko yakateremkia mtaro wa shamba la pili, ukajaa, tuta likakatika. Maji yake yakaubomoa mtaro wa tatu, nao ukaubomoa wa nne, kila mmoja ukizidisha nguvu. Bora wasingechimba kabisa. Saa tisa mchana watu wakasikia mngurumo. Namkunda alikuwa ndani anapukuchua mahindi. Walimfukua kwenye tope jioni ile, ungo ungali mkononi mwake.

Mazikoni Mzee Mrindoko alisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Watu wakaitikia. Senkoro, koleo mkononi, hakuitikia.

"Mungu tusimsingizie, mjomba," alisema. "Mama huyu alitaka kuhama, nikamzuia. Aliniuliza kama kwako pamechimbwa, nikamdanganya, kwa sababu nilikuogopa. Nilimwogopa wa juu, leo namzika wa chini. Ukitaka kunilaani, nilaani. Kesho nakuja kuchimba."



Kulipokucha alipanda peke yake. Akamkuta mjomba amesimama mpakani na panga. Senkoro akasimama, lakini hakurudi nyuma.  Mzee akageuka, akaukata mgomba wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akaukata wa pili, huku machozi yakimtoka. Senkoro akaanza kuchimba. Kufika adhuhuri kijiji kizima kilikuwa huko juu.

Mtaro huo mnauona ule pale, wenye majani ya tembo. Haujakatika tangu siku ile. Senkoro aliishi miaka mingi, na kila watu walipousifu mtaro wake, aliinuka akaenda zake.

Na ninyi leo mnataka tuanzie hapa katikati, ati mwenye shamba la juu ana mbwa mkali na mdomo mkali zaidi. Najua. Mbwa huyo ameshanichania suruali. Chukueni majembe. Tunapanda kwake kwanza, tukamwombe, na akikataa tutarudi kumwomba tena mpaka akubali. Tazameni kule bondeni, yule mama anayeanika nguo. Jana aliniuliza kama masika haya ahame, na bado sijamjibu.

Ukimwogopa wa juu, utamzika wa chini.