Ardhi Haikuwa na Kigugumizi

Maganda ya ndizi mliyomenya jioni hii yako wapi? Nawauliza nyinyi, msitazamane. Mmeyatia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na chupa na betri, mkafunga fundo, mkatupa ng'ambo ya ukuta. Haya basi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, ardhi ilipokuwa bado inasema na watu, palikuwa na kijiji kiitwacho Vumbini. Watu wake walikuwa wasafi, tena siriazi. Kila asubuhi walifagia maganda, majani na makombo, wakayatupa mtoni, mto ukayapeleka kusikojulikana. Mwaka baada ya mwaka ardhi ikatoa bila kupewa, mpaka mahindi yakawa mafupi kama vidole.

Jumbe Kivumo akawakusanya washauri wake saba, fulu vilemba na posho, wakainama shambani wakauliza, "Ardhi, wataka nini?"

Ardhi ikasema, "Nataka taka."

Washauri wakaambiana kwamba maskini, ina kigugumizi, haijamaliza sentensi. Wakaipigia ngoma siku tatu, wakauliza tena.

"Nataka taka."

Wakaimwagia marashi, wakauliza tena.

"Nataka taka."

Jumbe akakata tamaa. Akatangaza kwamba mwezi ukiandama kijiji kinahama, na asiyeweza kutembea atabaki na fisi.

Asiyeweza kutembea alikuwa mmoja tu, Bi Mwatumu. Miguu ilimvimba, mtoni hafiki, kwa hiyo maganda yake aliyarundika nyuma ya jiko, akayafunika kwa majani makavu, akayanyunyizia maji ya kuoshea mchele. Majirani walimwita Mama Jaa, na walimwita kwa sauti ili asikie.

Asubuhi ya kuhama kulikuwa na baridi kali. Jumbe akaenda na washauri wake kumuaga, akaona rundo linatoa mvuke, na moto hakuna. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mwatumu, umefuga jini hapa?"

"Chomeka fimbo yako, Jumbe, kisha uishike."

Akachomeka, akachomoa, akashika. Fimbo ilikuwa ya moto kama imetoka jikoni. Ndipo nyungunyungu akatoa kichwa pembeni ya rundo.

"Jumbe, punguza kishindo. Tunapika."

"Mnampikia nani?"

"Ardhi. Miaka yote inawaomba taka, nyinyi mnaipigia ngoma."

Wakafukua. Chini kulikuwa na udongo mweusi, mwororo, unaonukia mvua ya kwanza. Wakainua macho, wakaona udongo uliomwagika kando ya ukuta wa jiko umeotesha mmea wa maboga, jani lake moja lingemfunika mtoto. Washauri saba wakavua vilemba, kwa mara ya kwanza bila kulipwa. Jumbe akapiga magoti, akachota viganja viwili, akavipeleka shambani.

"Ardhi, wataka nini?"

Ardhi haikujibu. Ilikuwa inakula.

Mizigo ikafunguliwa. Mama Jaa akabebwa juu ya kiti cha Jumbe mwenyewe, nyumba hadi nyumba, akiwafundisha kurundika, na kila alipopita, asubuhi iliyofuata palifuka mvuke.

Ngano yangu naiachia hapo, mvuke ukipanda. Lakini nyinyi mabwana wa halmashauri mlioketi hapo mbele, ardhi imeshasema mara tatu. Kila mtaa upewe pipa la pili, la maganda peke yake, na kiwanja cha kurundikia. Lori lenu liache kuchanganya. Msituundie tume. Leteni pipa.