Mtoto wa Shangwe

Haya, sogeeni mnisikie vizuri, na aliye nyuma apate nafasi mbele, maana mwisho wa hadithi hii sitausema mimi. Nitawaachia ninyi.

Chini ya Kilimanjaro, upande wa magharibi, palikuwa na shamba la farasi la mama mmoja mjane aliyeitwa Aikande. Wageni walikuja hapo kupanda farasi na kuzunguka mbugani wakitazama twiga. Katika shamba hilo walikutana watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Daktari Msechu, daktari wa mifugo wa eneo lile, mtu wa makamo, mnene, mwenye kucheka kwa sauti. Kipaji chake kilikuwa jicho. Angesimama getini akamtazama mnyama akipita, na kabla hujamaliza kumsalimia ameshajua wapi panamuuma.

Wa pili ni Tluway, mtunza farasi, mzaliwa wa Mbulu. Kipaji chake kilikuwa sauti. Si kwamba aliimba vizuri; wenzake walimwomba asiimbe kabisa. Lakini akimsemesha farasi kwa Kiiraqw, polepole, kama anayemsimulia habari za nyumbani, farasi mwenye hasira alishusha kichwa na kutulia.

Wa tatu ni Namnyaki. Kipaji chake kilikuwa mikono, na mikono hiyo hakuzaliwa nayo. Aliisomea.

Mwanzoni Namnyaki alifanya kazi hospitalini, kitengo cha tiba ya viungo, akiwasaidia watu waliopooza kujifunza upya kutembea. Siku moja rafiki yake alimpeleka kutazama mashindano ya farasi, naye akamwona farasi mmoja akirudishwa bandani huku akichechemea. Watu wote walikuwa wakimshangilia mshindi. Namnyaki alimtazama yule anayechechemea, akajisemea, "Huyu anatembea kama mzee wangu wa wodi namba nne." Kuanzia hapo hakutulia. Akaenda Afrika Kusini kusomea fiziotherapia ya farasi, yaani tiba ya viungo vyao, chini ya mwalimu mmoja mkali aliyeitwa Petronella.

Mwalimu yule hakumruhusu kumgusa farasi mapema. Kwanza alimpa koleo asafishe mabanda, ajue farasi anasimamaje asipotazamwa. Kisha akachukua unywele wa mkia, akauweka chini ya karatasi, akamwambia autafute kwa ncha za vidole akiwa amefumba macho. Akiupata, karatasi nyingine inaongezwa. Namnyaki alilala na kuamka na ule unywele.

Siku aliporuhusiwa kumkanda farasi wa kweli, alibonyeza mgongo kwa nguvu kupita kiasi, akapigwa teke lililomrusha mpaka kwenye rundo la majani makavu. Mwalimu alikuja akasimama juu yake.

"Alikuambia mara ngapi kabla ya kukupiga?"

"Hakuniambia kitu, mwalimu."

"Masikio yake yalikuwa wapi?"

Namnyaki alifikiri, huku akihema. "Yalilala nyuma. Nilidhani ananisikiliza."

"Na mkia?"

"Ulikuwa unapiga huku na huku. Nilidhani ni nzi."

"Basi amekuambia mara mbili. Mgonjwa wako hatasema 'hapo, dada, hapo panauma.' Amka."

Aliamka. Akasoma mpaka akafaulu, akarudi nyumbani na cheti chake, na hakuna aliyemwita. Shangazi yake huko Monduli alimuuliza mbele za watu, "Yaani umeacha kukanda binadamu, ukaenda ng'ambo kusomea kukanda farasi?" Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Alijua pia kwamba kazi yake haimruhusu kumgusa mnyama ambaye daktari hajampima na kukubali. Kwa hiyo alikwenda kwa Daktari Msechu kujitambulisha.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo wewe ndiye wa kukanda farasi." Daktari alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Mimi nashona, nachoma sindano, nazalisha. Kukanda nimewaachia watu wa saluni. Lakini njoo, panda gari. Utanibebea mkoba."

Akambebea mkoba. Alikwenda naye kwa ng'ombe, mbuzi na punda. Njiani daktari alimuuliza hili na lile kuhusu misuli na neva, mwanzoni kwa kumtania, baadaye kwa kutaka kujua.

Sasa, masika yale mvua ilikuwa kubwa. Farasi mmoja wa Mama Aikande, jike la kijivu aliyeitwa Shangwe, alikuwa na mimba. Mama Aikande alimpenda kuliko wote, kwa kuwa ndiye farasi ambaye marehemu mumewe alizoea kuzunguka naye mbugani. Asubuhi moja Shangwe alikuwa akivushwa kwenye kidaraja cha mbao, mbao zikavunjika, akatumbukia korongoni. Kisiki kilimchana paja la nyuma. Alilala kwenye matope, na kila alipojaribu kuinuka, mguu ule ulimkatalia.

Daktari Msechu alishuka korongoni. Juu, Mama Aikande alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Usimwache ateseke, daktari," alisema. "Kama ni sindano ya mwisho, mpe."

 Daktari alimtazama Shangwe toka kichwani mpaka mkiani, akapiga magoti kwenye matope, akaweka sikio tumboni, akaufuata mguu kutoka juu mpaka kwatoni.

"Hakuna mfupa uliovunjika," akasema. "Nyama imechanika na neva imeumia. Na mtoto yumo, anacheza. Sindano hiyo simpi. Leteni maji ya moto."

Akashona pale pale, mvua ikimnyeshea mgongoni, Namnyaki akimshikia vyombo na Tluway akikishika kichwa cha Shangwe mapajani mwake na kumsimulia habari za Mbulu. Kisha wakamwinua kwa mikanda na trekta, wakampeleka bandani. Hapo ndipo Mama Aikande, akitokwa na machozi, alipotamka neno lililoleta haya yote.

"Sikilizeni ninyi nyote. Atakayemrudishia Shangwe miguu yake, mtoto atakayezaliwa ni wake. Nimesema mbele ya Mungu."

Kidonda kilifunga. Lakini Shangwe aliuburuta mguu wake kama mzigo usio wake. Daktari alikuja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Nilichoweza kushona nimeshona," akamwambia Namnyaki. "Mguu umepona, ila wenyewe haujapata habari. Kazi ni yako sasa, mwanangu. Na yale maneno ya saluni nayafuta."

Namnyaki aliingia bandani akiwa na furaha na hofu. Alikuwa amemngoja mgonjwa huyu kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono. Masikio ya Shangwe yakalala nyuma, mkia ukapiga. Akarudi nyuma mara moja.

"Kaka Tluway," aliita, "njoo, nisaidie. Hanitaki."

Tluway akaja, akasimama kichwani, akaanza kuongea. Masikio yakageuka kumfuata. Namnyaki akaweka mkono begani, mbali kabisa na kidonda, akausogeza taratibu, akangoja pumzi ya Shangwe ishuke, akausogeza tena.

Wakaendelea hivyo kila siku. Namnyaki alimkanda misuli iliyokuwa migumu kama mbao. Alimshikia karoti ubavuni ili ageuze shingo na kunyoosha mgongo. Alilaza nguzo chini, ili Shangwe alazimike kuinua mguu badala ya kuuburuta. Alimpeleka kijitoni atembee kwenye maji, maji yambebe uzito. Na kila mara Tluway alikuwa mbele, akirudi kinyumenyume, akiongea. Siku ambazo Shangwe aligoma, Tluway alimwambia jambo, naye akajaribu tena.

"Unamwambia nini?" Namnyaki alimuuliza.

"Leo nimemwambia shemeji yangu ameoa tena."

"Na yeye anasemaje?"

"Amesikitika," Tluway akajibu, naye Namnyaki akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa kijito.

Kisha Tluway akaugua malaria, akalazwa. Shangwe akaacha kula. Namnyaki alimbembeleza kwa karoti, pumba na molasi, lakini Shangwe akageuza uso. Hakumruhusu tena kumgusa paja. Namnyaki alijaribu kuiga yale maneno ya Kiiraqw, na farasi akamtazama kama anayemwonea huruma. Misuli iliyokuwa imelegea ikaanza kukaza tena. Tluway aliporudi, amekonda, akijishikilia kwenye uzio, Shangwe alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akamfuata akiburuta mguu, akatia pua yake kifuani mwa yule mtu. Jioni hiyo akala.

Hawakuwa wamemaliza. Siku moja vidole vya Namnyaki vilikuta joto dogo kando ya kovu, padogo kama mbegu ya parachichi. Kwa macho palikuwa pazima kabisa. Akampigia daktari, naye akaja mbio, akatazama jinsi Shangwe alivyoegemea upande, akasema, "Kuna kitu ndani, na kinakwenda chini. Tukingoja, sumu itaenea mwilini, tutampoteza yeye na mtoto." Dawa ya kumlaza usingizi ingeweza kumdhuru mtoto. Basi daktari alitia ganzi ndogo tu kwenye ngozi, Tluway akashika kichwa na kuongea bila kunyamaza, Namnyaki akaweka kidole penye joto, na daktari akakata. Kikatoka kibanzi cha kisiki, kirefu kama kidole. Shangwe hakurusha hata teke moja.

Baada ya hapo mguu ulianza kusikia. Shangwe alivuka nguzo bila kuzigonga. Alipanda kilima. Na asubuhi moja, mbele ya Mama Aikande, aliachiwa uwanjani, akasimama, akanusa upepo, kisha akakimbia. Tumbo lake kubwa liliyumba, singa za shingoni zikipepea, miguu minne yote ikipiga ardhi sawasawa. Mama Aikande alipiga vigelegele peke yake. Daktari alijifanya anafuta miwani.

Jua lilipokuwa linachomoza, majuma machache baadaye, Shangwe alizaa jike jeusi lenye miguu mirefu iliyopindana kama kigoda cha kukunja. Wote watatu walikuwepo. Mama Aikande alikuja na chai, akawatazama, akasema, "Neno langu bado lipo. Mtoto ni wa nani?"

 Daktari Msechu akaweka kikombe chini.

"Nitasema ukweli, nisije nikajuta. Katika kazi yangu nimewalaza farasi wengi usingizi wa kutoamka. Nabeba nyuso zao. Shangwe ndiye niliyekataa kumlaza, wakati hata wewe mwenyewe ulishakubali, mama. Ningechoma sindano siku ile, leo tungekuwa tunabishania nini? Mwakani nastaafu. Ningependa kila asubuhi nimwone huyu mtoto wake."

Tluway alikuwa akichora chini kwa kidole cha mguu. "Mimi tangu ujana nimesugua farasi wa watu," alisema. "Wanauzwa, wanaondoka, sijaulizwa. Sidai kwamba nilishona, sidai kwamba nilikanda. Lakini Shangwe alikubali kushonwa na kukandwa kwa sababu yangu. Na nilipolazwa alikata tamaa. Miguu alikuwa nayo. Nia ya kutembea aliipata kwangu. Daktari, dada Namnyaki, mnajua sisemi uongo."

"Husemi uongo," Namnyaki akasema.

Zamu yake ilikuwa imefika. Alimtaka yule mtoto. Aliona haya kwa jinsi alivyomtaka. Aliwatazama hawa wawili: mmoja aliyempa mkoba abebe wakati wengine walimcheka, mwingine aliyesimama naye kwenye maji baridi kila siku.

"Mama," akasema, "ulisema atakayemrudishia miguu. Kidonda kilifunga, bado hakutembea. Alikula, bado hakutembea. Hatua moja moja tulizitafuta kwa mikono hii. Hata joto lile, ni vidole hivi vilivyolipata. Huyu ni mgonjwa wangu wa kwanza. Kabla yake sikuwa mtu wa kuitwa popote. Nikisema simtaki mtoto wake, nitakuwa namdanganya Mungu uliyeapa mbele yake."

Daktari akaitikia kwa kichwa, bila hasira. Tluway akamsogezea Namnyaki sukari ya chai, kama alivyozoea.

"Basi awe wenu nyote kwa pamoja," Mama Aikande akajaribu.

"Hapana," wote watatu wakasema karibu kwa sauti moja, na daktari ndiye aliyeeleza: farasi mchanga anahitaji zizi moja na mtu mmoja wa kumfuata. Akihamishwa huku na huku, ataharibika.

Mama Aikande akawatazama mmoja mmoja. Kwake hapakuwa na mgeni kati yao. Nyuma yao mtoto alikuwa akijaribu kusimama. Akaanguka, akajaribu, akaanguka. Safari hii hakuna aliyekwenda kumsaidia. Walimwacha, wakimtazama kwa pumzi moja, mpaka akasimama mwenyewe, akatikisika, akamgeukia mama yake kunyonya.

"Mtanisamehe," Mama Aikande akasema. "Nitakayemchagua, nitawaumiza wawili ninaowapenda."

Mpaka leo hajachagua. Basi ninyi mliokaa hapa: yupo aliyekataa sindano na kushona, yupo aliyempa moyo, yupo aliyemfundisha kutembea upya. Ukimwondoa mmoja, Shangwe hayupo. Mtoto ni mmoja, na neno la mama lazima litimie. Ungekuwa wewe umeshika kamba ya yule mtoto, ungemkabidhi nani? Na wale wawili wengine, ungewaambia nini?