Hisa Arobaini za Mgeni Rasmi

Damu haimngoji mgeni rasmi. Jana mmeusikia msemo huu kwenye kikao cha wazazi, mkarudi mkiniuliza umetoka wapi, kwa kuwa katika vitabu vyenu vya methali haumo. Umetoka humu nyumbani. Aliyeusema ni bibi yenu Ordensia, ambaye ninyi mnamkumbuka kidogo tu.

Alikufa Jumanne moja ya masika. Jumatatu yake basi la Mbeya halikuondoka, kwa sababu mvua ilikuwa imeikata barabara, na Alhamisi iliyotangulia lilikuwa limeharibikia njiani. Asubuhi ile uso ulikuwa umevimba na kulala chali hawezi. Aliniomba nimwegemeze ukutani. Nikaenda jikoni kumchukulia uji. Niliporudi, mkono wake ulikuwa umeanguka nje ya kitanda, na kutoka siku hiyo nyumba hii ikawa ya mtu mmoja.

Lakini msemo wenyewe ulianza miezi mitano kabla ya hapo, na naomba mnisikilize bila kunikatiza, maana na mimi nimo.

Figo za bibi yenu zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa juma ilibidi damu yake itolewe, isafishwe kwa mashine, irudishwe mwilini. Mashine ya karibu ilikuwa Mbeya, saa tano kwa basi. Alikwenda alfajiri na kurudi kesho yake, amechoka kama mtu aliyelima siku nzima. Hapa Itamba tulikuwa na kituo kidogo cha afya cha Daktari Melania, binti aliyezaliwa hapahapa. Chumba kilikuwepo, umeme ulikuwepo. Mashine ndizo hazikuwepo, na benki zilimkatalia mkopo.

Ndipo akakipeleka kituo chake sokoni. Soko hilo halina meza wala paa, liko mtandaoni. Mwenye zahanati au maabara hueleza humo anataka kufanya nini, akaonyesha hesabu zake, na watu wenye akiba, hata wasiomjua, wakanunua hisa kwa simu. Faida ikipatikana wanagawana. Sharti lilikuwa moja: hisa zote zinunuliwe ndani ya siku sitini. Ikibaki hata moja, kila mtu anarudishiwa pesa yake, na mwenye kituo anangoja mwaka mzima kabla ya kurudi tena.

Watu wa Dar es Salaam walinunua. Watu wa Nairobi walinunua. Na sisi wa Itamba tulinunua, mmoja mbili, mwingine tano. Siku ya hamsini na tano zilikuwa zimebaki hisa arobaini. Hapo tukasimama wote.

Hamtaelewa nisipowaambia jambo hili. Tangu enzi za kujenga shule kwa michango, watu wa hapa huchanga lakini hawamalizi. Kipande cha mwisho huachiwa mgeni rasmi. Yeye ndiye hukamilisha, vigelegele vikapigwa. Ukikamilisha wewe kabla hajafika, umemfungia mlango usoni. Mgeni rasmi wetu siku zote alikuwa Mzee Luvanda, mfanyabiashara wa mbao, mtu mwema, na pesa ya hisa arobaini kwake haikuwa kitu.

Daktari Melania alituambia, "Jamani, hili si harambee. Soko hili halijui mgeni." Tukamwitikia ndiyo, kisha tukaunda kamati ya sherehe.

Sherehe tukaipanga Jumapili, siku ya mwisho. Soko lilikuwa lifungwe saa kumi jioni. Mzee Luvanda alifika saa nane na nusu, amevaa koti lake jeusi, na sisi tukaona muda ni mwingi. Kwaya ikaimba nyimbo tatu. Meza kuu ikatambulishwa, mtu mmoja mmoja, pamoja na wake zao. Kisha katibu wa kamati akasimama kusoma risala, kurasa nane, akianza na historia ya kituo tangu kilipokuwa ghala la pareto.

Saa kumi kasoro robo Daktari akainama kwa mshereheshaji wetu, Kastory. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Kastory, saa. Mwambie mzee abonyeze sasa, risala iendelee baadaye."

Kastory alikuwa na kipaza sauti mkononi na hakukizima. "Jamani, Daktari anaangalia saa kama bibi harusi! Mgeni hajanywa hata maji, unataka atoe pesa? Sisi ni majambazi?"

Watu wakacheka. Mzee Luvanda naye akacheka, akapunga mkono kwamba risala iendelee.

Bibi yenu alikuwa kando yangu, amejifunika khanga mbili. Akanigusa goti.

"Baba Gaudensi, ile pesa ya miti tuliyouza si bado iko kwenye simu?"

"Ipo."

"Inatosha arobaini?"

"Inatosha na kubaki."

"Basi nunua wewe."

"Mama Gaudensi, mbele ya watu wote hawa? Nimfungie mzee mlango?"

Aliondoa mkono wake gotini pangu. Nataka mjue kwamba simu ilikuwa katika mfuko huu wa kushoto, na kwamba mtandao ulikuwa mzuri.

Risala ikaisha. Mzee Luvanda akasimama, akashukuru kwa heshima aliyopewa, akatoa simu, akavaa miwani. Vigelegele vikaanza kabla hajabonyeza. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mtandao huu vipi?" akauliza.

Daktari akaitazama ile simu. "Si mtandao, mzee. Muda umekwisha. Zimepita dakika sita."

"Dakika sita tu? Wapigie. Waambie Luvanda yuko hapa, pesa anayo mkononi."

"Hakuna wa kumpigia, mzee. Inajifunga yenyewe."

"Haiwezekani pasiwe na mtu."

"Hakuna mtu, baba." Daktari alikuwa analia bila sauti. "Pesa ya wote imeshaanza kurudi."

Na kweli, simu zikaanza kulia ukumbini, moja baada ya nyingine, kila mtu akirudishiwa chake. Yangu ikatikisika mfukoni. Kastory akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ndogo, "Tusimlaumu mgeni wetu."

Hapo bibi yenu akasimama, akishikilia kiti cha mbele yake. "Hakuna anayemlaumu," akasema. "Mzee amekuja mapema. Sisi ndio tuliomkalisha. Lakini damu haimngoji mgeni rasmi." Kisha akaniomba nimpeleke nyumbani, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu na alitakiwa kuamka saa tisa usiku.

Mzee Luvanda alitaka kununua mashine kwa pesa yake, akaambiwa bei ya moja tu, akaacha. Zile hisa arobaini ndizo alizoziweza. Nyingine nyingi zilikuwa za watu tusiowajua, na wao walikwishapeleka pesa yao kwingine. Mwaka wa kungoja ulianza kuhesabiwa, na bibi yenu akafika mwezi wa tano. Kabla ya hapo, jioni moja, nilimwomba msamaha. Akasema, "Ungenunua, wangekusema miaka kumi." Nikamwambia ningevumilia.

Sasa mnajua. Mtu akiwa na dawa mkononi, naye anamwachia mkubwa heshima ya kuitoa, huambiwa hivi: damu haimngoji mgeni rasmi.

Daktari Melania alihamia Dodoma. Wagonjwa wa figo hapa Itamba mwaka huu ni sita, na wanatibiwa Mbeya.