Digidigi na Wiski ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba na kuwasha taa jioni kama sisi, Digidigi mmoja aliishi peke yake kando ya chemchemi yake. Mkewe, Sikudhani, alifariki wakati wa masika, naye akamzika papo hapo karibu na maji. Tangu hapo, kila alipopika alipika cha wawili, kwa mazoea, kisha asubuhi akala kiporo.

Ng'ambo ya bonde ilikuwepo nyumba ya Kiboko. Kila jioni kicheko kilivuma kutoka huko. Ho! Ho! Ho! Kiboko na rafiki yake Nyati walikuwa wakinywa wiski.

Jioni moja Digidigi alishindwa kuvumilia ukimya. Akavaa kanzu safi, akaenda.

"Hodi!"

"Karibu! Nani?"

"Mimi, Digidigi. Shikamoo, Mzee Kiboko. Nimekuja... nimekuja kujifunza wiski."

"Kujifunza wiski!" Nyati alipiga meza, pa! "Sijapata kusikia! Kaa hapo, bwana mdogo."

Akamjazia bilauri mpaka pomoni. "Wiski haitaki woga. Fumba macho, umeze kwa mkupuo mmoja!"

Digidigi akameza. Loo! Moto! Koho! Koho! Machozi yakamtiririka, kwato zikateleza, puu! akakaa sakafuni.

Kiboko alicheka mpaka kiti kikalia. Digidigi naye akacheka. Alijua anachekwa yeye. Lakini siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu yeyote kumtazama.

"Kesho uje tena," Kiboko akasema.

Digidigi akarudi kwake akipiga mluzi.

Kesho yake aliwahi. Njia nzima alikuwa akipanga hadithi za kuwasimulia wenzake. Alipofika mlangoni, akasikia Nyati akinong'ona kwa sauti ile ya Nyati isiyojua kunong'ona.

"Tumnyweshe mpaka asijitambue."

"Nimemwita Korongo awe shahidi," Kiboko akajibu. "Digidigi ataapa kunipa ile chemchemi, nami nitaichimba niifanye bwawa langu la kuogea."

Na katika nchi ile, neno lililoapwa mbele ya Korongo halikurudi, aliyeapa awe mlevi, awe mzima.

Digidigi akaondoa mkono mlangoni. Ichimbwe? Na Sikudhani je? Tena zile hadithi zote alizozipanga njiani, za nini sasa? Alitaka kukimbilia nyumbani, lakini nyumbani hakuna wa kumwambia, na wale wangemfuata tu. Akafuta macho kwa upindo wa kanzu. Akabisha.

"Karibu, ndugu yetu!" wakaitikia kwa pamoja. Korongo alikwisha simama pembeni, mguu mmoja juu.

Nyati akaleta bilauri iliyofurika.

"Ahsante, bwana," Digidigi akasema. "Ila jana nilikohoa kwa sababu mimi ni mwanagenzi. Mwanagenzi humtazama fundi kwanza, ndipo ashike kazi. Mzee Kiboko, hebu nionyeshe."

Kiboko akatanua kifua. "Tazama!" Gudu, gudu, gudu!

"Mh! Umekwenda mbio, mzee. Sijaona vizuri. Hebu rudia."

Gudu, gudu, gudu!

"Ahaa! Na Bwana Nyati hunywa hivyo hivyo, au yeye bado anajifunza?"

"Mimi?" Nyati akafoka. "Mimi ndiye niliyemfundisha huyu!"

"Wewe? Unifundishe mimi?" Kiboko akang'aka.

"Basi nitamfuata yupi jamani?" Digidigi akauliza kwa upole. "Yupi ndiye fundi?"

Weee! Gudu, gudu! Huyu akimaliza, yule anamimina. Chupa ikalia tupu, ikafunguliwa nyingine. Mwisho Nyati akainuka aonyeshe jinsi ya kunywa kwa kusimama. Akayumba, pembe zikachoma ukuta, akalala hapo hapo. Khorrr!

Kiboko akakumbuka shughuli yake, ulimi umeshakuwa mzito. "S-sasa, kijana! Apa! Apa ku-kuhusu chemchemi!"

"Mzee wangu, sijawahi kuapa. Kunaanzwaje?"

"Mjinga wee! Unasema hivi: mimi, Kiboko, mbele ya Korongo, naapa..."

"Naapa kwamba?"

"Kwamba chemchemi ni ya... ya..."

"Ya Digidigi?"

"Ya Digidigi!"

"Milele?"

"Milele! Wala sitaikanyaga! Umeona? Ni rahisi!"

Korongo akagonga mdomo, ka! "Nimesikia."

Kiboko alikuwa amekwisha sinzia.

Asubuhi aliamka ameshika kichwa, akapiga kelele bonde zima. Korongo akamjibu, "Neno ni neno." Hakuna aliyeidai tena chemchemi.

Usiku wa kiapo, Korongo alikuwa amempa Digidigi wiski iliyobaki, kidogo tu. Jioni ile Digidigi akaimimina katika kikombe, akatia maji ya chemchemi, akainusa bila haraka. Akaonja tone. Halikuunguza. Alisikia moshi, kisha asali, kisha kitu kama harufu ya ardhi kavu inaponyeshewa.

"Kumbe ni tamu!" akasema kwa sauti, akageuka kumtazama mwenzake.

Palikuwa na ukuta tu.

Ng'ambo ya bonde kicheko kikaanza upya. Ho! Ho! Ho! Digidigi alisikiliza mpaka kikombe kikaisha, kisha akafunga mlango.

Wajukuu zangu, ujanja humwokoa mnyonge, lakini haumpi wa kukaa naye.