Nyungunyungu na Nailoni Tamu ya Kiboko

Mmekaa?
"Tumekaa!"
Masikio mmekuja nayo?
"Tumekuja nayo!"
Basi yategeni.

Zamani, lakini si zamani sana, maana nailoni ilikuwapo tayari, palikuwa na bonde lenye udongo mweusi mwororo. Chini ya udongo aliishi Bi Nyungunyungu na watoto wake arubaini. Kazi yao ilikuwa kula majani makavu na kutoboa vijia, maji na hewa vipite. Juu ya udongo alitawala Bwana Kiboko. Kazi yake ilikuwa kula matikiti.

Kiboko akataka matikiti zaidi. Akatandaza nailoni nyeusi bonde zima, magugu yasiote. Jua likawaka, nailoni ikapasuka, para! para! para! Ikawa chenga, chenga zikazama udongoni. Watoto wa Bi Nyungunyungu wakazila wakidhani ni majani. Wakashiba, wakakonda. Vijia vikaziba. Mvua ikanyesha, maji yakapita juu juu, shwaaa, yakaenda zake mtoni.

Bi Nyungunyungu akatoa kichwa. "Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi, nakula."

"Nailoni yako inatumaliza."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "Basi nitaleta mpya. Hiyo mpya inaoza yenyewe."

Akaileta, akaitandaza. Jua likawaka, ikapasuka upesi kuliko ya kwanza, parapara-parapara! Chenga zikazidi, na zile za zamani bado zimo.

"Bwana, itaoza lini?"

"Siku itakayooza."

Jioni ile kitinda mimba wake alishindwa kuinua kichwa. Bi Nyungunyungu hana macho ya kulilia. Hasira zikampanda pingili kwa pingili.

Asubuhi akajilaza kwenye dimbwi mpaka akavimba, akawa mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Akajinyoosha mbele ya Kiboko. "Ahaa! Nimeshiba mie!"

"Umekula nini?"

"Sikwambii."

"Sema, nisije nikakukanyaga!"

"Nailoni, Bwana. Ile mpya tamu, ya zamani tamu zaidi, na chenga zake ndizo asali yenyewe. Tafadhali, usitunyang'anye!"

Kiboko akatoa macho. "Utamu wote huo shambani kwangu, mnaula peke yenu?"

Akang'oa nailoni, chwaaa! Akala. Akachimbua udongo, akauchekecha kwa meno.

"Usile hiyo, Bwana, ni ya watoto!" Akala.

"Basi hata ile ya pembeni utuachie!" Akala.

"Jamani, ile ndogo chini ya jiwe!" Akapindua jiwe, akala.

Siku saba alikula, hakubakiza chenga. Siku ya nane tumbo likaanza, kwara! kwara! kwara! Kiboko akaanguka chali.

"Bi Nyungunyungu, mama yangu! Mbona nimeshiba na njaa inaniua?"

"Ndivyo wanavyoniuliza wanangu."

"Niponye!"

"Apa kwanza. Bonde hili halitafunikwa tena ila kwa nyasi na majani makavu."

Akaapa, wanyama wote wakisikia. Ndipo akaambiwa, "Sasa panda juu ya mwamba ule wa kando ya mto, chenga zisirudi udongoni, unywe maji mpaka tumbo likukatae." Akanywa. Tumbo likanguruma, gururu! Akatapika lundo refu kuliko kichuguu. Wanyama wakalibeba lote, wakalifungia pangoni, mlango wakauziba kwa mawe.

Mvua ikanyesha. Udongo ukanywa, gubu! gubu! gubu! Majani yakaoza, watoto wakala, na kitinda mimba akainua kichwa akaomba aongezwe. Bi Nyungunyungu akacheza siku nzima, na hakuna aliyejua anacheza kwa kichwa au kwa mkia. Wanyama wakampigia vigelegele. Hata Kiboko alipiga kofi moja, kisha akaenda kutandaza nyasi.

Funzo ni nini? Wanangu, uongo ni mbaya mno. Bi Nyungunyungu alidanganya mara moja tu, tazameni adhabu aliyopata: bonde zima na watoto arubaini wanene! Nanyi msithubutu.

Mzigo wangu nimeutua.
"Tumeupokea!"