Mbwa Aliyekataa Vilima Vitatu

Sogeeni karibu, nipeni masikio yenu. Kisima kilikauka, Makame na mkewe Mwanaidi wakahama na mbwa wao. Wakaona kilima chenye majani. Mbwa akaketi, hataki. Wakaona chenye matunda, akaketi, hataki. Wakaona kinachotiririka maji, akaketi.

“Mvivu kama mwenyewe,” Mwanaidi akamtania mumewe.

“Basi abaki. Kiu itatuua,” akasema Makame, akashika njia ya kilimani. Mbwa akaing'ata kanzu yake ya kuswalia.

“Umeninajisi, we mbwa.”

Hapo kilima kikapumua. Kikafumbua jicho pana kama ziwa. Kumbe ni zimwi, na kile kijito ni udenda wake. Likajigeuza, likalala tena, na vile viwili nyuma navyo vikakoroma.

“Mola nisamehe kiburi changu,” Makame akanong'ona, akamgeukia mbwa. “Tangulia, bwana. Tunakufuata.”

Mbwa alipowafikisha kwenye chemchemi, Makame akamwacha mbwa anywe kwanza. Hadithi yangu ikatua papo hapo majini.