Fungu la Kichwa

Mzee Vuai alikuwa na wana watatu na ng'ombe wengi, na kisiwa alichokaa kilikuwa chake chote, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kufika na hakukuta mtu. Ng'ombe walipozidi, majani ya karibu na nyumba yakaisha, mzee akakigawa kisiwa kwa ajili ya malisho. Kaskazini akampa Pandu, mwanawe mkubwa. Kusini akampa Machano, wa pili. Ussi, kitinda mimba, akabaki kati pamoja na wazazi. Baina ya sehemu na sehemu mzee alipanda ua wa minyaa, na akawaambia wanawe waziwazi kwamba mipaka ile ni ya ng'ombe. Wao walisikia mipaka tu.

Kila mwaka, kabla ya mvua za masika, ukoo mzima ulikusanyika kati, uani kwa Bi Mize, mama yao. Walichinja fahali mmoja wa sadaka, wakaomba dua. Wana ndio waliomwangusha mnyama, na mzee ndiye aliyeshika kisu. Nyama nyingi ilipikwa palepale ikaliwa na wote, lakini kabla ya kuondoka kila mwana alipewa fungu la kwenda nalo kwake. Pandu alipewa mapaja. Ussi alipewa nundu na mbavu. Machano alipewa kichwa. Mzee alikufa, kisu kikahamia mkononi kwa Pandu, na mafungu yakaendelea kutoka vilevile. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana mambo yakishazoeleka huwa hayaulizwi.

Machano naye hakuuliza. Alijijibu mwenyewe. Alijiambia kwamba kusini ni nchi ya mawe, na aliyetupwa kwenye mawe hutupiwa na mifupa.

Wivu wake haukuanza na nyama, ndugu zangu. Ulianza siku alipofunga mizigo yake na kumwacha Ussi kizingitini amesimama karibu na mama. Tangu hapo kila mpita njia aliyetoka kati alikaribishwa maji, na kabla hajamaliza kunywa alikwisha ulizwa maswali. Kwa Ussi wamepika nini? Mama alikuwa amekaa na nani? Alicheka? Akiambiwa amecheka, Machano siku hiyo hakula akashiba. Akiambiwa mama anaumwa, alimlaumu Ussi kwa kutomtunza, na moyoni alipata nafuu ambayo mwenyewe aliionea aibu. Hata mvua aliitilia shaka. Wingu likipita juu ya kusini bila kudondosha tone, likaenda kumwagika kati, alilifuata kwa macho mpaka likaisha, akaingia ndani akafunga mlango.

Wala hakujua kwamba ndugu zake nao walikuwa na yao. Majani ya kusini yana chumvi ya bahari, na ng'ombe wa Machano walinenepa kuliko wa mtu yeyote kisiwani. Pandu aliwatazama siku za sadaka akarudi nyumbani amenuna, akamwambia mkewe kwamba Machano kapewa chumvi na yeye kapewa upepo. Ussi aliwaonea gere wote wawili, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na nyumba yake ambamo hakuna anayemwita mtoto. Wana wao walipokua, maneno yalikuwa yamekwisha kuota mizizi. Watu wa kaskazini walichekwa kwa kuvuta maneno. Watu wa kati waliitwa wadekezwa. Watu wa kusini waliitwa wala vichwa, na jina hilo ndilo lililomchoma Machano kuliko yote.

Mkewe, Bikombo, alijaribu kumtuliza.

"Kichwa kina supu, mume wangu," alimwambia. "Na watoto wanakipenda kuliko paja."

"Ndivyo wanavyotaka tuseme," alijibu Machano.

Ukafika mwaka ambao hakuweza tena. Alipeleka salamu kati kwamba sadaka ya mwaka huo atachinja kwake, fahali wake mwenyewe, siku ileile ya wenzake. Anataka, alisema, ajue mnyama mzima ana ladha gani. Kisha akaiziba kwa miiba njia iliyopita katikati ya ua wa minyaa, ili asije mtu wa kati akasema alipita tu akakuta watu wanakula.

Siku ilipofika aliwaita wakwe zake na wachungaji wake. Walikuwa watu wenye nguvu, lakini hawakuwahi kumwangusha fahali, kwa sababu fahali wote wa sadaka waliangushwa kati na wale ndugu watatu. Machano aliwapanga kwa mafungu aliyowaahidi. Walioahidiwa mapaja aliwaita kwanza, wakashika kamba za miguu ya nyuma. Walioahidiwa mbavu wakasimama ubavuni. Nundu alijiwekea yeye. Kichwa hakumwahidi mtu yeyote, kwa kuwa hakutaka neno hilo litajwe uani kwake siku ile. Kwa hiyo kichwani hakusimama mtu.

Na yeye, ambaye tangu ujana wake ndiye aliyeshika pembe katika kila sadaka, safari hii alikuwa ameshika kisu. Mahali pa kaka yake pamemfika, naye alipafurahia. Alikuwa amezishika pembe zile mwaka baada ya mwaka bila kufikiri, jinsi mtu anavyofunga mlango wake jioni, na sasa hakufikiri ni nani amezishika.

Wale watu walivuta, fahali akaenda chini kwa ubavu. Machano akasema bismillahi, akainama shingoni. Fahali akainua kichwa. Pembe ilimwingia Machano pajani, ikamtupa, na mnyama alipojipindua kutaka kusimama, uzito wake wote ulipita juu ya mguu uleule. Uani palizuka ukelele mkubwa, wanaume na wanawake kwa pamoja, na fahali akakimbilia mawe na kamba zake zinaburuta.

Kule kati nako hapakuwa na karamu. Fahali alikuwa amefungwa mtini, na Pandu na Ussi walikuwa wanabishana tangu asubuhi nani aende kichwani. Pandu alisema yeye alikuwa mtu wa miguu ya nyuma, na sasa ni mtu wa kisu. Ussi alisema yeye ni mtu wa ubavuni na hajui kichwa kinashikwaje. Hakuna aliyekubali kutamka kwamba anamhitaji yule asiyekuwepo. Ndipo ukelele ukawafikia ukitoka ng'ambo ya ua.

"Wasikilize hao," alisema Pandu. "Wameshaanza kula."

Ussi alitema mate.

Bi Mize alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini. "Yule ni Machano," alisema, "na wala hali nyama."

Alijifunga kanga kiunoni akatoka. Alipoikuta njia imezibwa kwa miiba, aliuingia ua wenyewe, akawa anavunja minyaa kwa mikono yake ya kizee, na utomvu unaochoma ukamtiririka mpaka kwenye viwiko. Wanawe waliomfuata ili wamzuie walimwona vile wakaona haya. Walimtangulia, wakamfungulia njia kwa miili yao, na wote watatu wakafika kusini wanawashwa na macho yamewavimba.

Walimkuta Machano amelazwa ndani, juu ya mkeka. Ussi alichana shuka yake akamfunga jeraha. Pandu alimshika mguu, akaunyoosha, na Machano akamng'ang'ania kaka yake shingoni kama alivyofanya walipokuwa wadogo. Watu wa kusini walisimama mlangoni. Walikuwa wamezoea kuwasikia hawa wawili kwa kusemwa, sasa wanawaona wanalia.

Mama alikaa kichwani pake.

"Nilitaka nundu tu, mama," alisema Machano. "Mwaka mmoja tu. Nijue na mimi ni mtoto wako."

Bi Mize alimfuta jasho usoni.

"Mwanangu," alisema, "baba yenu alimpa kila mmoja nyama ya pale alipokuwa ameshika, na pembe alikukabidhi wewe kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwamini nazo."

Machano aligeuza uso ukutani. Aliiona mikono ya baba yake ikimsogeza, kijana aliyeanza kuota ndevu, mpaka mbele ya fahali, akaisikia sauti ya baba nyuma yake ikisema usiachie. Alilia mpaka mkeka ukalowa. Waliokuwa nje walidhani ni mguu.

Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya. Machano alitembea kwa mkongojo, na safari ya kati ikawa haiwezekani kwake. Masika mengine yalipokaribia, ndugu zake walimwangusha fahali bila yeye. Ussi ndiye aliyezishika pembe. Aliburutwa uani kote, hakuziachia. Fahali alipochinjwa, kwa haki ya baba yao kichwa kilikuwa cha Ussi. Ussi alikitazama, kisha akasema kiende kusini, na kiende kusini kila mwaka maadamu Machano yuko hai.

Pandu akasema atakipeleka mwenyewe. Yeye ndiye mkubwa, na haijawahi kuonekana kisiwani mkubwa amebeba mzigo kumpelekea mdogo. Alikitia kichwa ndani ya kapu, akalifunika kwa kawa, akajitwika. Alitembea juani akapita pale minyaa ilipovunjwa, damu inamdondokea begani, na watu wa kusini walipomwona waliacha kazi zao wakamtazama.

Machano alikuwa amekaa barazani. Alimwona kaka yake tangu mbali, akamjua kwa mwendo, na moyo wake ukajaa furaha. Msiniulize kama ilikuwa furaha ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Alijivuta akasimama kwa mkongojo wake ili asimpokee amekaa.

Pandu alilishusha kapu miguuni pake, akajifuta jasho.

Na Machano, kabla hajasema karibu, kabla hajamwita mkewe alete maji, aliinama akafunua kawa, akatia vidole kinywani mwa yule fahali aone kama ulimi umo au umebaki kati.

Ulimi ulikuwamo.

Pandu aliuona ule mkono. Alitazama bega lake lenye damu, akalifuta kwa kiganja, akageuka. Machano alimwita, akamwita tena kwa jina la utotoni, akamfuata mpaka mwisho wa ua wake, na mkongojo haukumfikisha mbali. Mwaka uliofuata kichwa kililetwa na mchungaji. Mwaka baada ya huo kililetwa na mchungaji mwingine, ambaye hakujua anakipeleka kwa nani, aliambiwa tu ni kwa mtu wa kusini.

Ninyi mlioketi hapa, mnaoulizana kaskazini na kusini kabla ya kuulizana majina: ndugu yako akisimama mlangoni pako na kapu kichwani, mkono wako unakwenda wapi kwanza?